Utepe na Pamba Yetu: Historia Fupi ya Urembo wa Nyumba katika Musoma, Bunda na Butiama



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu mtasoma habari za mizani, za maghala, za mbegu na za malipo. Habari hizo hazina budi kuandikwa, na wenzetu waliopewa kazi hiyo wameitenda kwa uaminifu. Sisi tumepewa kurasa chache kwa ajili ya jambo dogo ambalo pengine litawachekesha baadhi ya wazee: habari ya utepe, yaani kile kitambaa chembamba cha kupambia nyumba, kufungia zawadi na kurembea siku kuu. Twaomba msicheke upesi. Jambo lenyewe lilianza siku ya kufunguliwa kwa chama hiki, na tangu siku hiyo halijatutoka moyoni.

Wengi mliokuwapo mtakumbuka. Utepe mwekundu wenye kung'aa ulifungwa mlangoni pa ghala. Mgeni wa heshima akapewa mkasi, akaukata, tukapiga makofi na vigelegele. Magari yalipokwisha kuondoka, vipande viwili vya utepe vilibaki vumbini. Mama mmoja, mkulima wa pamba na mwanachama kama sisi, aliviokota, akavikung'uta, akaomba kiberiti. Tulistaajabu. Akaichoma ncha ya utepe mbele yetu. Haikuwaka kama pamba iwakavyo. Ilijikunja, ikayeyuka, ikaacha kidonge kigumu cheusi. Mama yule akasema, "Basi huu si wetu," akavifunga vipande vile katika pindo la kanga yake, akaenda zake.

Maneno hayo machache ndiyo yaliyotutuma kuandika. Maana tulikuwa tumesimama mbele ya ghala la pamba, katika sherehe ya wakulima wa pamba, na kitu pekee cha urembo tulichokuwa nacho hakikuwa na hata uzi mmoja wa pamba ndani yake. Imekuwaje? Kujibu swali hilo yatubidi turudi nyuma.

KABLA YA DUKA

Asidhani mtu kwamba wazee wetu hawakujua kupamba kabla ya kufika kwa utepe wa dukani. Utepe ni nini ila kitu chembamba kirefu kifungwacho ili kiseme kwamba hapa pana heshima? Kwa maana hiyo tepe zilikuwapo siku zote. Ukindu uliota penye maji, ukachanwa, ukakaushwa, ukatiwa rangi, ukasukwa. Wenzetu wa pwani hadi leo huuita ukili ule msuko mrefu mwembamba ambao mafundi huushona pamoja, mzunguko juu ya mzunguko, ukawa mkeka. Kwetu ziwani mafunjo ya kando ya Nyanza na ya bwawa la mto Mara yalifanya kazi ya namna hiyo hiyo, na mkonge uliopandwa kuwa ua wa shamba ukatoa nyuzi za kamba na za vikapu.

Kadhalika palikuwa na shanga. Katika jamii za mkoa wetu, na hasa kwa Wakurya, shanga zilipangwa kwa mistari shingoni, kiunoni na katika mavazi ya ngozi, na kila mstari ulisema habari ya mvaaji: ni msichana au ni mke, ni siku ya kawaida au ni siku ya sherehe. Kibuyu cha maziwa nacho hakikuachwa kitupu. Kilipewa ukanda wa ngozi au wa shanga, na mgeni alikitambua kuwa ni kibuyu cha heshima.

Na zawadi je? Wahenga wamesema kwamba mkono mtupu haulambwi. Mtu aliyekwenda kumwona mkwewe alichukua kuku, na kuku yule alifungwa miguu kwa ukamba wa mgomba au wa mkonge. Ukamba ule ulikuwa na kazi mbili: ulimzuia kuku asikimbie, na ulitambulisha kwamba kuku huyu si wa kuuzwa wala si wa kufugwa, bali ni wa kupewa mtu. Huo, wanachama wenzetu, ndio utepe wa kwanza wa zawadi katika nchi yetu. Haukununuliwa, na ulitoka katika shamba lile lile lililomlisha kuku.

NGUO ZAINGIA, PAMBA YATOKA

Katika karne ya 19 nguo za kigeni zilienea barani pamoja na misafara ya biashara. Mojawapo ilikuwa ile nguo nyeupe ya pamba iliyofumwa Marekani, ikaletwa Unguja kwa jahazi za wafanyabiashara wa Salem, nayo ikachukua jina la nchi ilikotoka: marekani. Huko magharibi ya nchi, Ufipa na Unyamwezi, palikuwa na watu waliojua kusokota pamba na kufuma nguo kwa mikono. Nguo za viwandani zilipozidi kuingia, vitanda vya mfumi vikasimama kimoja baada ya kingine. Ufundi haukufa kwa sababu ulikuwa mbaya. Ulikufa kwa sababu nguo ya mgeni ilikuwa rahisi na ilikuja kwa wingi.

Baadaye, chini ya serikali ya Kijerumani na kisha ya Kiingereza, tulihimizwa kulima pamba wenyewe. Hapo ndipo ulipoanza mwendo huu tunaoujua. Pamba hupandwa mwezi wa Novemba na Desemba, huchumwa kiangazi kinapoingia, na msimu wa kuuza hufunguliwa Mei au Juni. Mkulima huchambua pamba yake, safi mbali na fifi mbali, akaipeleka mizanini. Kinu, kama vile kile cha Bunda, huitenga mbegu na nyuzi. Katika kila kilo 100 za pamba ya mkulima hutoka nyuzi kama theluthi moja, nyingine ni mbegu. Nyuzi hufungwa marobota, marobota hupandishwa magari, na sehemu kubwa huvuka bahari.

Tuangalie sasa kilichorudi. Katika maduka ya mji wa Musoma palikuwa na marobota ya kaniki, kanga na khaki, na juu ya kaunta palikuwa na vigurudumu vya utepe wa rangi. Utepe uliuzwa kwa wari, na wari ni mikono miwili. Lakini mkono wa nani? Mikono ya wanadamu hailingani. Mama aliyenunua utepe kwa mkono mfupi alikuwa katika mashaka yale yale ya mumewe aliyepimiwa pamba kwa mizani ya mnunuzi. Yeye alipunjwa kwa ratili, na huyu aliweza kupunjwa kwa shibiri.

Kwa sababu hii urembo wa nyumba zetu ulifuata kalenda ya pamba, na hadi leo unaifuata. Krismasi huja wakati fedha imekwisha kuingia ardhini kama mbegu. Basi nyumba hupambwa kwa matawi ya miti, kwa maua ya porini na kwa karatasi za rangi. Lakini Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954, huangukia katikati ya msimu wa kuuza. Na Nane Nane, siku ya wakulima, huangukia tarehe 8 Agosti. Hizo ndizo siku za arusi, za nguo mpya na za tepe. Idi haina msimu, kwa kuwa hufuata mwezi mwandamo. Ikiangukia baada ya mavuno watoto hung'ara kwa mavazi, ikiangukia wakati wa palizi mama hutafuta njia nyingine ya kuwafurahisha. Mtu akitaka kujua kama mwaka ulikuwa mwema kwa mkulima, asiulize bei peke yake. Na atazame milango ya nyumba siku ya arusi.

SINDANO NA SHULE

Wamisionari nao walileta mengi katika habari hii. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911. Wamennonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934. Misheni zilifundisha kusoma, na pamoja na kusoma zikafundisha sindano. Lakini hazikuwa na nia moja juu ya urembo. Wakatoliki walipamba altare kwa vitambaa na maua siku za sikukuu. Wamennonite walitoka katika desturi ya mavazi sahili, yasiyo na mapambo, wakiona kwamba urembo mwingi humsahaulisha mtu unyenyekevu. Basi katika mkoa mmoja palikuwa na mafundisho mawili: moja likisema mpambie Mungu nyumba yake, na jingine likisema usijipambe mwenyewe. Wanawake wetu walisikiliza yote mawili, wakachukua sindano. Usafi wa kitambaa cheupe kilichofumwa vema uliwaridhisha watu wa pande zote mbili.

Ndivyo ulivyoenea ufundi wa vitambaa vya kufuma kwa ile sindano ya kulabu, ambayo wengi huiita kroshia. Ingia leo katika nyumba yoyote ya Bunda au ya Butiama: kitambaa kiko juu ya meza, kingine mgongoni mwa kiti, kingine juu ya redio au televisheni. Vingi vina tundu pembeni, na katika tundu hizo hupitishwa utepe mwembamba unaofungwa fundo la kipepeo. Mgeni kutoka mbali huenda akadhani ni mchezo. Sivyo. Kitambaa kile ni tangazo kwamba mwenye nyumba alipata saa ya kukaa kitako, jambo ambalo kwa mwanamke mkulima si dogo.

Katika miaka ya 1950 vilianzishwa vilabu vya wanawake chini ya kazi za maendeleo, na mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ambao Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wake wa kwanza. Katika mikutano ya namna hiyo wanawake walifundishana ushonaji, mapishi na malezi, na kusoma kwa watu wazima. Yafaa ikumbukwe kwamba ushonaji huo haukuwa urembo mtupu. Mwanamke aliyejua kupima kitambaa alijua pia kuhesabu, na aliyejua kuhesabu hakukubali tena kila hesabu aliyosomewa.

Palikuwa na tepe nyingine, za wanaume. Katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945 vijana wengi wa mkoa wetu, na hasa wa upande wa Tarime, waliingia jeshi la King's African Rifles. Waliorudi na tepe begani walisalimiwa kwa cheo, na tepe hizo zilitunzwa sandukuni pamoja na vitu vya thamani. Hatukumbuki mtu yeyote aliyesema kwamba tepe hizo ni upuuzi wa wanawake.

Na siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, utepe ulipanda juu kabisa. Bendera ya Tanganyika ilikuwa ya kijani na nyeusi, na kati ya rangi hizo palipita mistari miwili myembamba ya manjano. Baada ya Muungano wa mwaka 1964 ikaja bendera tuliyo nayo: mkanda mweusi unaokatiza mshazari kati ya kijani cha ardhi na buluu ya maji, nao umepakana na tepe za manjano, alama ya madini. Tangu hapo rangi hizo nne zimekuwa ndizo rangi za kupambia majukwaa ya sikukuu za taifa, na kila mwalimu wa shule ya msingi anajua kazi ya kuzipanga bila kukosea.

USHIRIKA NA KITANDA CHA MFUMI

Tugeukie sasa historia ya ushirika, maana ndiyo iliyotukutanisha. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa mizanini, wakaanza kujipanga mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kiongozi wao mkuu alikuwa Paul Bomani, mzaliwa wa upande wetu wa Musoma, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao ulikua ukawa mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Wakulima walikamata mizani kwanza. Kisha vinu vya kuchambulia pamba. Kisha wakatazama mbele zaidi, kwenye nguo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mwanza ilipata kiwanda cha MWATEX, na Dar es Salaam ikapata Urafiki mwaka 1968. Musoma nayo ikapata kiwanda chake cha nguo, MUTEX, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia iliyonyooka: kutoka shambani mpaka mizanini, kutoka mizanini mpaka kinuni, kutoka kinuni mpaka kitanda cha mfumi, na kutoka hapo kurudi nyumbani kwa mkulima. Lakini njia ilikatika mara nyingi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na havikurudishwa mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ya 1990 soko la pamba lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, vyama vingi vikaelemewa na madeni, na viwanda vingi vya nguo nchini vikapunguza kazi au vikasimama. Nguo za mitumba na vitambaa vya nje vikajaa sokoni. Utepe wa pamba ukatoweka, ukaja utepe wa poliesta, ambao hutengenezwa kwa vitu vitokavyo katika mafuta ya petroli. Unang'aa sana, bei yake ni ndogo, na rangi yake haichuji upesi. Huo ndio aliouchoma mama yetu siku ile.

Hatuwalaumu wenye maduka. Muuzaji huuza kinachonunuliwa. Wala si sisi tu tulioonja jambo hili. Katika Uingereza uko mji uitwao Coventry, ambao kwa muda mrefu maelfu ya watu wake waliishi kwa kufuma tepe za hariri. Mwaka 1860 serikali za Uingereza na Ufaransa zilifanya mapatano ya biashara, ushuru wa hariri za Kifaransa ukaondolewa, na tepe nzuri za Kifaransa zikaingia bila kizuizi. Vitanda vya Coventry vikanyamaza, familia zikaona njaa, na watu wengi wakahama. Lakini fundi mmoja, Thomas Stevens, hakukubali kuitupa mitambo. Mwaka 1862 alianza kufuma kwa mitambo ile ile vialama vidogo vya kuwekea vitabuni, vyenye picha na maneno, ambavyo watu walivinunua kupeana zawadi. Ufundi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kutambua kwamba mtu hununua utepe kwa ajili ya maneno unayobeba, kuliko kwa ajili ya kitambaa chake.

Na hao waanzilishi wa Rochdale, ambao majina yao husomwa katika kila semina ya ushirika, walikuwa watu gani? Wengi wao walikuwa wafumaji. Walikuwa wanachama 28, wakachanga paundi 28, wakafungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, siku nne kabla ya Krismasi. Hawakuuza tepe wala mapambo. Waliuza unga, shayiri ya kupondwa, siagi, sukari na mishumaa, kwa kipimo cha haki. Kwa hiyo ushirika wenyewe umezaliwa na watu wa uzi. Si ajabu basi ikiwa sisi, watu wa pamba, twauliza habari za uzi.

MAMBO TULIYOYAONA BUTIAMA

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934. Alipofariki mwezi wa Oktoba 1999 alirudishwa kuzikwa kijijini kwake. Katika makumbusho yaliyofunguliwa huko Butiama mwaka huo huo wa 1999 zimehifadhiwa zawadi mbalimbali alizopewa katika maisha yake, na sisi tulipokwenda kuzitazama tulitambua jambo moja. Zawadi inayomsimamisha mtazamaji ni ile inayosema wazi ilitoka kwa nani: mikono ya watu gani iliifanya, na nchi ipi ilitoa mti, udongo au uzi. Zawadi ya namna hiyo haihitaji maelezo mengi. Inatosha kuiona.

Tulirudi tukafikiri juu ya zawadi zetu wenyewe. Leo katika mahafali ya watoto wetu wa darasa la saba mhitimu huvishwa shada la maua ya karatasi na tepe za kung'aa. Katika arusi gari la bwana na bibi hufungwa tepe mbele hadi nyuma, na katika hafla ya kumwaga mtumishi anayestaafu zawadi hufungwa kwa karatasi na fundo kubwa. Desturi hizi ni njema. Zinamfanya mtu ajione kuwa ana thamani mbele ya wenzake. Lakini kesho yake tepe zote hutupwa, nazo hazioshwi wala haziozi. Tumeziona zikiwa zimenasa katika miiba ya kando ya barabara ya Bunda, na nyingine zikielea ufukoni mwa ziwa. Ukamba wa mgomba uliomfunga kuku wa babu ulirudi udongoni.

NAMNA YA KUFANYA UTEPE WA NYUMBANI

Ili tusiwe watu wa maneno matupu, twaeleza hapa namna inayotumiwa na baadhi ya akina mama wanachama, nayo haihitaji mtambo.

Chukua mabaki ya kanga au ya kitambaa cheupe kwa fundi cherehani. Kwanza choma uzi mmoja: ukiwaka na kuacha majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua, hiyo ni pamba, ukiyeyuka na kuacha kidonge, rudisha. Chana kitambaa kwa kufuata uzi wake, upana wa vidole vitatu. Kunja kingo zote mbili kuelekea ndani na uzishone, upate utepe wa upana wa vidole viwili usiochambuka. Pika uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, uchuje, uchovye utepe, uukamue kidogo, kisha uupige pasi kabla haujakauka kabisa. Hapo utasimama imara kama wa dukani. Fundo la kipepeo lataka urefu wa mkono mmoja na nusu. Ua la kufungia zawadi lataka mikono miwili, ukunjwe mara tano na kukazwa katikati kwa uzi. Pambo la mlango lataka pima nzima. Utepe huu ukichafuka hufuliwa, hutiwa uji tena, na hutumika mwaka mwingine.

Mwenye kanga iliyochakaa asiitupe. Pindo lake lina nakshi pande zote nne, na likikatwa vema hutoa utepe wa maua ambao hauna mfano wake dukani.

YATUPASAYO

Wapo watakaosema kwamba chama cha wakulima kina mambo makubwa kuliko haya: bei, dawa, mbegu, madeni. Twakubali. Kanga moja hutoa tepe kadhaa, na hakuna mkulima atakayejenga nyumba ya bati kwa tepe peke yake. Lakini twauliza: kama hatuwezi kurudisha nyumbani utepe mmoja wa pamba, tutawezaje kudai kwamba tutarudisha nguo? Jambo kubwa hujaribiwa kwanza katika jambo dogo. Wazee wetu wa miaka ya 1950 walianza na mizani moja, na wengine wakawacheka.

Tena iko haki ya wanawake katika jambo hili. Katika mashamba yetu mikono ya wanawake ndiyo ipaliliayo na kuchuma kwa sehemu kubwa, lakini jina liandikwalo katika daftari la chama mara nyingi ni la mume, na fedha hupokewa na mwenye jina. Kazi ya utepe, ya vitambaa vya kufuma na ya vikapu ni kazi ambayo mwanamke huipokelea fedha mwenyewe. Chama kikiipa kazi hiyo chumba kimoja, cherehani chache na kipimo cha haki, kitakuwa kimewafikia wanachama ambao miaka kumi hii hakijawafikia.

Kwa hiyo, kupitia kitabu hiki, twauomba Mkutano Mkuu mambo matatu. Kwanza, kila sherehe ya chama, tangu ya Chama Kikuu hadi ya chama cha msingi kilicho kidogo kabisa, ipambwe kwa tepe za pamba zilizofanywa na wanachama, nazo zilipiwe kwa stakabadhi kama bidhaa nyingine. Pili, patengwe nafasi ghalani kwa ajili ya kikundi cha ushonaji, na hesabu zake zisomwe pamoja na hesabu za chama, si pembeni. Tatu, viongozi wetu wapelekapo zawadi kwa wageni, waifunge kwa utepe ulioandikwa kwa uzi jina la kijiji ulikotoka, ili apokeaye ajue ni mikono ya nani iliyompa.

Ombi la kwanza limekwisha kuanza kutimizwa. Utepe utakaokatwa katika sherehe ya miaka kumi umeshonwa na akina mama wanachama kutoka Musoma, Bunda na Butiama, kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichotiwa rangi ya kijani. Urefu wake ni pima tatu. Umetiwa uji wa muhogo na kupigwa pasi, na sasa umo katika sanduku la Katibu, umezungushiwa karatasi. Yule mama aliyeuliza miaka kumi iliyopita ndiye aliyeshona kipande cha katikati, mahali mkasi utakapopita. Tulipompelekea kiberiti kwa mzaha, alikataa kukipokea. Alisema kwamba uzi wake anaujua.

Twawatakia wanachama wote sikukuu njema ya miaka kumi, mvua za wakati wake, na msimu wa haki mizanini.